Pumzi ya Kutosha Salamu

Siku niliyokabidhi chumba cha michezo nilikabidhi filimbi mbili, saa mbili za kupimia mbio, moja nzima na moja iliyosimama tangu ilipotumbukia kwenye ndoo ya uji, mipira minne isiyokaa upepo, na daftari moja nene lenye jalada la kitambaa. Mwalimu aliyepokea alihesabu kila kitu, akatia saini, kisha akauliza daftari lile ni la nini. Nikamwambia ni la mapigo ya moyo. Akacheka kwa adabu. Kwa hivyo naandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili yenu nyote mtakaofundisha watoto mbio ndefu hapa Unguja baada yangu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe. Nyumba yetu ilikuwa na ngazi arubaini na moja mpaka jikoni, na bomba la maji lilikuwa chini, kwa hiyo mazoezi yangu ya kwanza ya pumzi nilifanya na ndoo mkononi bila ya kuombwa ridhaa. Nilipomaliza chuo nilipelekwa kufundisha skuli moja upande wa Bububu. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinionyesha uwanja: minazi sita, mbuzi wasiopungua kumi, na milingoti ya goli upande mmoja tu. Niliwapanga wasichana, nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote, wakakimbia mbuzi.

Sikujua kitu, na sikujua kama sijui. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Kwetu sisi, mtoto akimaliza mbio huku anacheka basi huyo hakukimbia. Jumatatu kali, Jumanne kali, Jumatano kali zaidi kwa sababu Jumanne walilalamika. Baada ya miezi miwili watatu walikuwa wanachechemea kwa maumivu ya miundi ya miguu, wawili wanakohoa, na waliobaki walianza kuleta barua za ugonjwa zenye mwandiko unaofanana. Nikasema watoto wa siku hizi wavivu. Nilikuwa na miaka ishirini na nne.

Aliyenifumbua macho ni Maalim Mussa, mzee wa Kikwajuni aliyewahi kufundisha wakimbiaji miaka mingi kabla yangu. Alikuwa mrefu, mkavu, na alipanda baskeli mgongo ukiwa wima kabisa. Alikuja siku moja kumtazama mjukuu wake, akakaa kwenye kivuli cha ukuta mpaka mazoezi yakaisha, kisha akaniita.

"Mwanangu Safia, hawa unawafunza kukimbia au unawafunza kuchoka?"

Nikawatazama wasichana waliolala chini.

"Kuchoka wanajua wenyewe. Hebu lete shingo yako hapa." Akanionyesha kwa shingo yake mwenyewe, kwani hakuwa mtu wa kugusa watoto wa watu: vidole viwili chini ya taya, hesabu kwa robo dakika, zidisha kwa nne. "Huo ndio mwalimu wao. Wewe ni msaidizi tu."

Maalim Mussa alinieleza mambo ambayo chuoni niliyasoma na kuyafaulu bila ya kuyaelewa. Mbio ndefu hazikimbiwi kwa miguu, alisema, zinakimbiwa kwa hewa. Mapafu huivuta, damu huibeba, moyo huisukuma, na misuli huitumia kuchoma chakula kidogo kidogo. Anayekimbia polepole kwa muda mrefu, siku baada ya siku, moyo wake hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na ndani ya misuli huota vijishipa vipya vyembamba vya kuifikisha damu kila pembe. Anayekimbia kwa nguvu kila siku hapati nafasi hiyo. Ni jiko la makaa, aliniambia: ukilipepea mfululizo litawaka sana, kisha utabaki na majivu na wali mbichi.

"Siku nne wakimbie polepole," alisema, "na siku moja kali. Siku mbili wapumzike."

"Polepole ndiyo ipi, maalim?"

"Waweze kuzungumza, na mapigo yasipite robo tatu ya nguvu za moyo."

Nikajaribu. Niliwaambia wasichana wakimbie huku wanazungumza, na papo hapo wote wakawa mabubu. Watoto wale ambao darasani wasingenyamaza hata ukiwalipa, njiani hawakuwa na la kusema. Na wakisahau kuzungumza, mwendo unapanda. Baada ya wiki mbili nikachoka, nikarudia mtindo wangu wa zamani. Katika mafunzo yote ya Maalim Mussa nilibakisha daftari tu. Kila mwanafunzi alihesabu mapigo yake asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, akaniletea namba, nami nikaandika. Niliandika karibu miaka ishirini. Maalim Mussa, Mungu amrehemu, aliondoka akidhani nimemfahamu.

Ndipo akaja Raya. Alikuwa kidato cha pili, mwembamba, miguu mirefu, maneno machache. Alilelewa na bibi yake, Bi Kazija, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuna mtu mtaani aliyethubutu kuikatiza. Nilikwenda kuomba ruhusa. Wakati ule, na hata sasa, msichana kukimbia barabarani ni jambo la kuombewa ruhusa nyumbani, na haki yao. Bi Kazija alinisikiliza mpaka mwisho.

"Akimbie," alisema. "Lakini asimpite mtu bila ya kumwamkia. Si lazima asimame. Ila maneno yaishe, na majibu ayapokee."

Nililikubali sharti lile kama tunavyokubali mengi ya wazee, kwa mdomo.

Njia yetu ilikuwa kutoka skuli kupanda mpaka Kidichi, kwenye mashamba ya viungo, na kurudi. Njia ile ina watu. Palikuwa na mama anayeuza maandazi, fundi baskeli, wanawake wanaoanika mdalasini, na pale kona ya juu Mzee Makame, mfua nazi, aliyekuwa na kifuo chake, chuma chenye ncha cha kumenyea nazi, kimesimikwa kando ya barabara na rundo la makumbi nyuma yake. Wenzake Raya waliwapita wote hao wakihema. Raya alimwamkia kila mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?"

"Sijambo. Umeshindaje?"

"Salama, alhamdulillahi. Bibi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Hayo yote akikimbia, na ya mwisho akiyasema kwa kugeuza shingo. Bila shaka alirudi wa mwisho. Alirudi hahemi, uso mkavu, nami nikaona fedheha, maana wenzake walikuwa wamelala chini kama nilivyopenda. Nilimwandika wa mwisho wiki baada ya wiki. Na katika daftari lile lile, mapigo yake ya asubuhi yalikuwa yakishuka kidogo kidogo, ndiyo dalili ya moyo unaopata nguvu, na ya wenzake yakipanda. Nilikuwa nayaandika kwa mkono wangu. Karani wa moyo, si mwalimu.

Mashindano ya skuli yalipokaribia, nilirudi kwa Bi Kazija kumwomba aliondoe sharti lake kwa wiki chache tu. Alinipa chai, akaniuliza hali ya mama yangu, akaniuliza nimekuja na gari au kwa miguu, kisha akasema hapana.

Sasa ninafika mahali ambapo ningependa kupavuka, lakini ndipo penye faida kwenu. Ilikuwa Shaaban, jua kali, saa tisa alasiri. Niliwapanga wasichana langoni nikawaambia, "Leo hakuna salamu. Mdomo umefungwa mpaka mrudi. Nataka muda."

Raya akanitazama. "Mwalimu, bibi amesema..."

"Bibi nitasema naye mimi."

Kila mwanamke wa kisiwa hiki anajua Shaaban ni mwezi wa nini kwa wasichana. Siku zile za Ramadhani walizokula kwa sababu ya mwezi wao, wengi huziahirisha mwaka mzima, na Shaaban ikiingia huzilipa mbiombio kabla Ramadhani nyingine haijawakuta. Hakuna msichana atakayelisema hilo mbele ya wenzake. Mwalimu mwanamme angesamehewa kwa kutouliza. Mimi nimeyapitia mwenyewe, nimezilipa mwenyewe, na nilikuwa na mdomo wa kuuliza pembeni. Sikuuliza. Raya alikuwa na funga yake ya nne mfululizo, hajanywa tone tangu alfajiri, na mimi nilimtuma apande Kidichi kwa mbio zake zote.

Nilisimama langoni na saa mkononi. Dakika nilizozitarajia zilipopita, nilikasirika. Wenzake wakaanza kurudi mmoja mmoja, macho chini, midomo imefungwa kama nilivyoamrisha. Nikawauliza Raya yuko wapi. Wakasema Raya alikuwa mbele yao, aliwaacha mbali tangu mwanzo. Walidhani ameshafika.

Aliyenipa habari ni Mzee Makame. Alikuja na baskeli yake, shati limelowa, akashuka taratibu.

"Mwalimu wa wanaokimbia ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto yuko hai, wamempeleka hospitali. Keti kwanza." Nikaketi kwenye jiwe la lango. "Kanipita leo mbio, jicho halioni. Hakuniamkia. Nkasema, mtoto huyu miezi minane hajanipita hata siku moja bila ya shikamoo. Ama kagombana na kwao ama mgonjwa. Nkaacha nazi zangu nkapanda baskeli. Nkaenda mpaka karibu na njia ya magofu ya hamamu, simwoni. Wenzake washageuza, wanarudi, nao hawajamwona. Narudi hivi, naona kiatu kwenye michaichai."

Raya aliingia ndani ya michaichai iliyo kando ya barabara, akaangukia humo, na majani yakamfunika. Wenzake wote walimpita, kwenda na kurudi. Mzee Makame aliita wanawake wa nyumba ya karibu, wakamlegeza mtandio, wakammwagia maji kichwani na kwapani, wakampepea kwa ungo mpaka ikapatikana gari. Daktari aliniambia baadaye kwamba mwili ulikuwa umewaka joto, na kwamba angechelewa kuonekana hata kwa muda mfupi tu, yeye asingeweza kuahidi kitu.

Siku ya tatu, Raya akiwa amesharudi nyumbani, nilikwenda kwa Bi Kazija. Nilikuwa na doti ya kanga, na barua mkobani ya kuomba niondolewe kwenye michezo. Niliyapanga maneno yangu njia nzima. Kanga zilipokewa kabla sijayaanza.

"Nlikwambia nini?" aliuliza Bi Kazija.

"Asimpite mtu bila ya kumwamkia."

"Ulidhani kwa ajili ya nini?"

"Adabu, bibi."

"Adabu anayo, nimempa mwenyewe." Alikunja kanga zile juu ya mapaja yake, akazikunjua, akazikunja tena. "Miye miguu yangu haifiki Kidichi, mwalimu. Nnamwachia mtoto wa kike njia ya mbali, sina wa kumfuatisha. Basi kila anayemwamkia, nimemkabidhi kwake. Mtu uliyemwamkia jana, leo usipopita atakuuliza."

Nililia. Nalisema hili wazi kwa sababu mimi nilikuwa mwalimu wa kuwaambia watoto wasilie. Raya alikuwa amelala kwenye mkeka mlango wa pili, akasema bila ya kuinua kichwa, "Bibi, msinikataze kukimbia."

Bi Kazija aliziweka kanga kando. Kila nilichokuwa nacho kazini kilikuwa ndani ya jibu lake, na kwa mtoto yule nadhani kilikuwa kikubwa zaidi.

"Atakimbia akishamaliza kulipa funga zake na akapata nguvu," alisema mwisho. "Na wewe utakwenda naye. Njia nzima, mtu kwa mtu, mpaka wote wakujue."

Barua ile niliichana nikiwa njiani kurudi.

Nilikuwa ninakaribia miaka arubaini na mitano, sijakimbia kitu tangu ujana wangu isipokuwa mabasi. Nilivaa suruali pana, kanzu ya mwanangu na raba zake, nikatoka na wasichana. Kwa mama wa maandazi nilisema vizuri. Kwa fundi baskeli nilisema "habari za", na habari zenyewe zikabaki barabarani. Wasichana walicheka mpaka wakasimama. Ikabidi nipunguze mwendo, nikapunguza tena, mpaka nikapata mwendo ambao salamu inatoka na kurudi nzima. Nikatia vidole shingoni nikahesabu. Ilikuwa ile ile robo tatu aliyonitajia Maalim Mussa miaka yote ile nyuma. Nikawaambia wasichana wahesabu yao. Yalikuwa hayo hayo, kila mmoja kwa kadiri yake.

Huwezi kumwamrisha mtu azungumze. Lakini hakuna mtu wa Unguja anayehitaji kuamrishwa kumwamkia aliye mbele yake, labda awe amekatazwa na mwalimu mjinga. Tangu siku ile salamu ikawa saa yetu. Salamu ikitoka nzima, uko kwenye mwendo wa kujenga pumzi, endelea, hata saa nzima. Ikikatika katikati, umezidi, punguza. Ukiweza kumwamkia mtu na kumuuliza na watoto wake mmoja mmoja kwa majina, unatembea, kaza kidogo.

Siku kali tuliifanya mara moja kwa wiki, uwanjani mbele ya macho yangu, mbuzi wakiwa wamefungwa: dakika tatu kwa nguvu, dakika tatu kutembea, mara nne au tano. Hiyo nayo ina kazi yake, kwani moyo uliokwisha jengwa unahitaji kuonyeshwa dari yake iko wapi. Lakini ni chumvi, si unga. Aliyeamka mapigo yake yamepanda kuliko kawaida yake alipumzika, na sikuuliza barua. Katika Shaaban na Ramadhani tulikimbia jioni mno, magharibi ikikaribia, kidogo na polepole, na kila msichana alipita kwangu kwanza, peke yake, ninong'oneze nijibiwe. Anayelipa funga alishika saa. Na wale walioamka wachovu mwezi baada ya mwezi niliwapeleka wakapimwe damu, kwani damu ikipungua hewa haina wa kuibeba hata mapafu yawe makubwa vipi.

Kila mwisho wa muhula tulipima: dakika kumi na mbili kuzunguka uwanja, nani kafika wapi. Wasichana kama wale niliowaita wavivu nikiwa kijana waliongeza karibu mzunguko mzima. Miundi ikapona. Mwaka uliofuata Raya alikwenda kwenye mashindano akashika nafasi ya pili, akipitwa kwa hatua chache. Mpaka leo naamini alimwamkia mwamuzi kwenye kona ya mwisho. Nimemuuliza mara nyingi, anakataa. Sasa ni mkunga, na bado anakimbia.

Walimu wa skuli nyingine walikuja kutazama, wakakichukua kipimo kile, wakakiita kipimo cha Mwalimu Safia. Nami nikanyamaza, tena nikatabasamu. Nataka kulirekebisha hilo kabla karatasi haijaisha. Elimu ilikuwa ya Maalim Mussa. Kipimo kilikuwa cha Bi Kazija, ambaye hakupata kukimbia kitu kikubwa kuliko kuku. Nilimwambia hivyo kabla hajafariki.

"Kipimo cha nini?" aliuliza.

"Cha pumzi, bibi."

"Pumzi anazo Mungu," alisema, na akaniongezea chai. Nawashukuru wawili hao kila siku, na Mzee Makame wa tatu wao, ambaye siku ile aliporudi kwenye kifuo chake alikuta mbuzi wa watu wamelala juu ya nazi zake.

Sasa naishi Chukwani, kwa mwanangu. Nilihamia nikiwa simjui mtu. Daktari ameniambia nitembee, basi natembea kila asubuhi, na kwa mazoea tu namwamkia kila ninayekutana naye, salamu nzima, na majibu nayapokea. Wiki iliyopita niliamka na homa. Mwanangu alikuwa ameshakwenda kazini, simu ilikuwa mbali, nami nililala nikiwa nawaza kwamba hapa ningeweza kulala hivi mpaka jioni bila ya mtu kujua.

Haikufika hata saa tatu, mlango ukagongwa. Nilijikokota nikafungua. Alikuwa mwanamke anayechoma vitumbua pale kona ya kwanza, mikono ina unga mpaka viwikoni. Jina lake hata sikuwa nimelijua.

"Mwalimu, leo hukupita," alisema. "Nkasema nije nitazame."

Nilimshika mkono wake ule wenye unga. Nikamuuliza amemwachia nani vitumbua.

"Hakuna," alisema, akinisukuma nirudi kitandani. "Vinaungua."